'Papa ni papa, mwanangu': Jinsi DNA inavyomtambua samaki asiye na kichwa

Hebu tuanzie Gikomba, asubuhi na mapema, kabla jua halijakolea. Si unajua kunavyokuwa: mwenye mkokoteni anakupigia kelele usonge, muuza mitumba anakuita "kastoma wangu", matope yako hadi kwenye vifundo vya miguu, na ukikaribia upande wa samaki, pua inafika kabla ya macho. Hapo kuna ngege na mbuta kutoka Ziwa Victoria, na omena kwa magunia. Samaki hao unawajua. Ngege ukimwona huulizi, kwa sababu amelala pale na kichwa chake, magamba yake na jicho linalokuangalia.

Sasa tuseme siku hiyo hutaki omena. Kuna msee wa Mombasa mnayekaa naye ploti moja hapo Umoja, na kila wikendi anakusifia mchuzi wa papa mkavu wa nazi aliokuwa akipikiwa na nyanyake. Umetoka Gikomba ukaingia Majengo ya Pumwani, mtaa ambao Waswahili wamekaa tangu miaka ya 1920. Umeuliza huku na kule hadi ukaelekezwa kwa mama mmoja mwenye kile unachotafuta. Ni kipande kikavu kama ubao, kimejaa chumvi, rangi ya kijivu. Hakina kichwa, hakina mkia, hakina pezi.

"Shikamoo mama. Huyu ni samaki gani?"

"Marahaba. Huyo papa."

"Papa gani?"

Anakutazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya rangi gani. "Papa ni papa, mwanangu. Nikukatie robo ama nusu?"

Mama huyo hajakudanganya. Kipande kilimfikia kikiwa hivyo hivyo, na hata mtaalamu wa samaki akikishika mkononi hawezi kukutajia jina lake kwa macho tu. Tatizo ni kwamba sheria inayowalinda papa inataka jina. Haisemi "papa". Inasema papa huyu, huyu na huyu. Na jina hilo ndilo linalokatwa na kutupwa pamoja na kichwa.

Makala haya yanahusu namna ya kulirudisha jina hilo. Usidhani ni mambo ya Marekani. Maabara moja inayofanya kazi ya aina hii iko hapa Nairobi, mathree mbili tu kutoka kwako.

Papa ni wengi kuliko unavyofikiri

Duniani kuna zaidi ya spishi 500 za papa. Taa, wale samaki bapa ambao ni binamu zao, ni zaidi ya spishi 600. Watu wa pwani wanajua kwamba hawa si kitu kimoja, na majina yao yanaonyesha hivyo. Kuna papa pingusi, ambaye kichwa chake kimetanuka kama nyundo. Kuna papa upanga, mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili kama msumeno. Kuna papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni. Wavuvi wanasimulia kwamba Mungu alipomuumba alipendezwa naye mno akamrushia shilingi, ndiyo maana ana alama hizo.

Basi, hali yao si nzuri. Mwaka wa 2021, wanasayansi waliokuwa wakifanya tathmini kwa ajili ya shirika la uhifadhi la IUCN walipitia spishi 1,199 za papa, taa na jamaa zao, na wakakuta zaidi ya theluthi moja ziko katika hatari ya kuangamia. Sababu kubwa ni uvuvi wa kupita kiasi. Mwaka huo huo, utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Ukizaliwa leo unakuta bahari ambayo babu yako hangeitambua.

Mbona papa wasizaane kama ngege? Jibu liko kwenye miili yao. Ngege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na anataga mayai kwa mamia. Papa wengi huchukua miaka mingi kukomaa, baadhi zaidi ya kumi. Wengi hubeba mimba miezi tisa hadi kumi na miwili, kama binadamu au zaidi, na wanazaa watoto wachache. Yule taa mkubwa aitwaye manta kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa mwingine.

Chukua mfano wa chama chenu cha kuweka akiba. Kila siku kuna mtu anatoa pesa, ilhali mchango unaingia mara moja kwa mwaka. Hata kama mlikuwa na pesa nyingi kiasi gani, siku moja mtafungua akaunti mkute sufuri.

Pesa ziko kwenye pezi

Pwani yetu imekula papa tangu zamani. Kwa karne nyingi, majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi yalileta papa mkavu kutoka Arabuni hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Nyama hiyo haikuwa anasa. Ilikuwa protini ya mtu wa kawaida, inayokaa bila friji na inayotosha familia kubwa.

Kilichobadilisha mambo ni pezi. Huko Asia Mashariki, mapezi ya papa hupikwa supu inayoandaliwa kwenye harusi na karamu za heshima, na bei yake ni ya juu sana kuliko ya nyama. Hong Kong ndiyo soko linalojulikana zaidi. Mwaka wa 2006, watafiti waliofuatilia biashara hiyo walikadiria kwamba mapezi yanayouzwa kila mwaka yanatokana na papa kati ya milioni 26 na milioni 73. Kwa hivyo samaki mmoja hugawanyika njia mbili. Nyama inabaki huku kwetu, kwenye sufuria ya mama. Pezi linapanda ndege au meli.

Hapo ndipo unaingia mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka wa 1973, na ambao Kenya ni mwanachama. Mkataba huo una orodha. Spishi iliyo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, isipokuwa katika hali chache sana. Iliyo kwenye Kiambatisho cha Pili inaweza kuuzwa nje, ila kwa kibali, na kibali hakitolewi mpaka wataalamu wa nchi husika waridhike kwamba biashara hiyo haitaimaliza.

Papa waliingia kwenye orodha hiyo polepole. Papa shilingi aliorodheshwa 2002. Papa upanga aliingia 2007. Mwaka wa 2013, katika mkutano wa Bangkok, waliongezwa papa pingusi wa spishi tatu pamoja na manta. Mwaka wa 2019 wakaingia samaki fulani wa jamii ya taa wenye umbo la gitaa, ambao mapezi yao hununuliwa ghali mno. Kisha Panama, Novemba 2022, nchi wanachama zikaongeza karibu spishi 100 kwa mkupuo mmoja. Mwishoni mwa 2025, huko Samarkand nchini Uzbekistan, papa shilingi na manta wakapandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza.

Kwenye karatasi, ni ushindi. Lakini hebu vaa viatu vya afisa wa forodha pale Kilindini au uwanja wa ndege wa JKIA. Mbele yako kuna magunia ya mapezi makavu. Stakabadhi inasema ni spishi inayoruhusiwa. Mapezi mengine yamechunwa ngozi, mengine yamekatwa vipande. Una dakika chache, foleni ni ndefu, na mwenye mzigo amesimama hapo anakuambia kwa upole: "Afande, papa ni papa."

Utafanya nini?

Barikodi iliyo ndani ya nyama

Ukienda supamaketi kununua pakiti ya unga, mtu wa kaunta haisomi pakiti. Anapitisha ile mistari myeusi kwenye mashine, inalia "pip", na kompyuta inajua ni unga gani, kilo ngapi, bei gani. Hata ukiipaka pakiti rangi nyeusi na kubakisha mistari peke yake, mashine itaijua.

Kila kiumbe ana mistari kama hiyo ndani ya seli zake. Mwaka wa 2003, mwanabiolojia Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walipendekeza kwamba sehemu moja fupi ya DNA itumike kama barikodi ya wanyama. Sehemu hiyo ina herufi kama 650. Kumbuka DNA huandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Mpangilio wa herufi hizo 650 kwa kawaida hutofautiana kati ya spishi na spishi, huku ukifanana sana kwa wanyama wa spishi moja. Papa pingusi ana mpangilio wake. Papa wa buluu ana wake. Na mpangilio huo uko kwenye seli za nyama, ngozi, pezi na damu, kwa hiyo kukata kichwa hakuufuti.

Kazi yenyewe inaendaje? Cheki hatua kwa hatua.

Kwanza unachukua kipande kidogo sana, ukubwa wa punje ya mchele unatosha. Unakivunjavunja kwa kemikali hadi DNA itoke kwenye seli. Lakini DNA hiyo ni kidogo mno kuisoma, kwa hiyo unainakili kwa mbinu inayoitwa PCR. Jina hilo unalikumbuka, ama? Ndiyo, ni mbinu ile ile iliyotumiwa kupima korona 2020, ulipoingizwa kijiti puani mpaka machozi yakakutoka. Kila mzunguko wa PCR huongeza nakala mara mbili: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Baada ya mizunguko 30, nakala moja imekuwa zaidi ya bilioni moja. Hata udaku wa WhatsApp ya mtaa hausambai hivyo.

Halafu mashine inasoma mpangilio wa herufi, na kompyuta inaulinganisha na maktaba ya dunia yenye mipangilio ya spishi zinazojulikana. Ukifanana na wa papa pingusi, huyo ni pingusi, hata kama stakabadhi inasema vingine.

"Na kama kipande kimekaushwa, kikatiwa chumvi, kikapikwa?" Swali zuri. Joto, chumvi na kemikali huikata DNA vipande vipande, kama gazeti lililopita kwenye mashine ya kusaga karatasi. Ila hata kwenye karatasi iliyosagwa unaweza kupata sentensi moja nzima. Mwaka wa 2015 watafiti walichapisha mbinu ya barikodi fupi, isiyofika hata robo ya ile ya kawaida, na ikafanikiwa kutambua papa kutoka kwa mapezi yaliyosindikwa, na hata kutoka kwa supu. Kipande cha mama wa Majengo kina nafasi nzuri ya kusomeka.

Waliponunua makombo Hong Kong

Mbinu hii imeshafanya kazi kubwa. Kuna watafiti waliokwenda kwenye maduka ya Hong Kong wakanunua makombo, yale masalio yanayokatwa wakati mapezi yanasafishwa, ambayo huuzwa kwa bei rahisi. Wakayapeleka maabara, wakasoma DNA. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha spishi 76 za papa, taa na jamaa zao katika biashara hiyo. Baadhi zilikuwa zile ambazo tayari zilikuwa kwenye orodha ya CITES. Bila DNA, makombo hayo yangekuwa takataka tu.

Kuna linaloshangaza zaidi. Kwa papa wengine, DNA inaweza kukuambia hata alikotoka. Papa pingusi wa kike hupenda kurudi kuzaa karibu na pwani alikozaliwa yeye mwenyewe. Kwa hivyo, kwa miaka mingi, kila pwani hujipatia alama yake ndogo katika DNA inayorithiwa kutoka kwa mama. Mwaka wa 2009, watafiti walichunguza mapezi 62 ya pingusi kutoka soko la Hong Kong na kukadiria kwamba asilimia 21 yalitoka upande wa magharibi wa bahari ya Atlantiki. Pezi lilikuwa limevuka nusu ya dunia, likakaushwa, likauzwa, na bado lilikuwa na lafudhi ya kwao. Kama vile msee wa Lamu akifungua mdomo hapo Kayole, huhitaji kuona kitambulisho.

Kilichobaki kilikuwa muda na gharama. Mzigo hauwezi kukaa bandarini wiki mbili ukingoja majibu. Mwaka wa 2018, watafiti walionyesha kwamba kwa kutumia mashine ndogo ya PCR inayobebeka, afisa anaweza kupima sampuli hadi 95 kwa muda wa saa nne hivi, kwa gharama isiyofika dola moja kwa sampuli. Hiyo ni kama shilingi 130. Bei ya chapati na maharagwe kwenye kibanda, kwa sampuli inayoweza kuzuia gunia zima.

Mathree mbili hadi Lang'ata

Sasa turudi Nairobi. Ukitoka Donholm, unapanda mathree hadi tauni, kisha nyingine ya Lang'ata Road. Unashuka makao makuu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Huko ndiko ilikofunguliwa, mwaka wa 2015, maabara ya uchunguzi na jenetiki ya wanyamapori.

Kwa nini ilihitajika? Kwa sababu ya shida unayoweza kuielewa mara moja. Mwaka wa 2004, shirika la Born Free lilichapisha uchunguzi wa sampuli za nyama zilizonunuliwa kutoka kwa mabucha 202 ya Nairobi. Asilimia 25 zilikuwa nyama ya pori, na asilimia 19 nyingine zilikuwa mchanganyiko wa nyama ya mifugo na ya pori. Fikiria mzazi aliyenunua robo kilo ya "ng'ombe" akienda kuwapikia watoto.

Mshukiwa akikamatwa na gunia la nyama iliyokatwakatwa, utetezi wake ulikuwa rahisi: hii ni mbuzi, hii ni ng'ombe, thibitisha kama unaweza. Nyama ni nyama. Umesikia mwangwi wa Majengo hapo? Afisa angesema ni pundamilia kwa kuangalia rangi na mafuta, wakili angeuliza maswali mawili, na kesi ingeyumba. DNA ilibadilisha mambo. Sasa shahidi anaweza kuja na matokeo ya maabara.

Kenya pia ilishiriki katika mradi wa kimataifa wa barikodi za wanyamapori, ulioongozwa kutoka Taasisi ya Smithsonian ya Marekani kwa ufadhili wa dola milioni 3 kutoka Google uliotangazwa 2012. Lengo lilikuwa kujenga maktaba ya barikodi za spishi zilizo hatarini pamoja na jamaa zao wa karibu, ili mahakama ziwe na kitu cha kulinganishia. Maana mashine bila maktaba ni kama kuchukua alama za vidole za mwizi bila kuwa na rekodi ya vidole vya mtu yeyote.

Kutoka pundamilia hadi papa, kemia haibadiliki. Kinachohitajika ni sampuli za papa na taa wa maji yetu, zilizotajwa jina sawasawa na mtu aliyewaona wakiwa wazima. Huko pwani kuna Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, yenye makao Mombasa, ambayo wataalamu wake huhesabu samaki wanapoteremshwa kwenye bandari ndogo za wavuvi. Na kuna wavuvi wenyewe, ambao ukiwaonyesha papa kumi watakupa majina kumi. Maarifa ya mzee wa Kipini na mashine ya Lang'ata yanahitajiana. Mzee anajua jina samaki akiwa na kichwa. Mashine inalijua kichwa kikiwa kimekwenda.

DNA haimjui mwenye hatia

Hapa lazima tuwe wakweli, kwa sababu teknolojia ikisifiwa kupita kiasi huumiza watu.

DNA inajibu swali moja: huyu ni nani? Haikuambii nani alimvua, lini, kwa kibali au bila kibali. Kuna spishi chache za papa zinazofanana mno kiasi kwamba barikodi ya kawaida haizitenganishi, na mtaalamu mwaminifu atasema hivyo mahakamani. Tena sampuli ikichanganywa, ikashikwa bila glavu au ikakosa lebo, matokeo yake hayana maana. Kila aliyeigusa lazima aandikwe, kutoka gunia hadi maabara hadi kwa hakimu. Kesi nyingi hufa njiani, si kwenye mashine.

Na kuna suala la haki. Mkataba wa CITES unahusu biashara inayovuka mipaka. Papa aliyevuliwa Kenya na kuliwa Kenya anaongozwa na sheria zetu wenyewe za uvuvi na wanyamapori. Kwa hiyo mama wa Majengo anayeuza robo kilo siye mlengwa wa orodha ya Panama. Mlengwa ni yule anayekusanya magunia ya mapezi na kuyasafirisha kwa jina la uongo. Ukitaka kujua nani anafaidika, angalia pesa ziko kwenye nyama au kwenye pezi.

Mvuvi naye ana hoja yake. Jarife, ule wavu wenye macho makubwa, akiutega usiku hauchagui. Asubuhi unaweza kuleta pingusi mchanga pamoja na samaki aliyekusudiwa, na mara nyingi pingusi huyo ameshakufa. Papa wachanga wa spishi nyingi hupenda maji ya kina kifupi karibu na ufuo, na huko huko ndiko mvuvi mwenye mtumbwi mdogo anaweza kufika. Mashua yake haiwezi kwenda bahari kuu. Ukimwambia aache bila kumpa njia nyingine, umemwambia watoto wake wasile.

Lakini DNA inaweza kumsaidia hata yeye. Ikijulikana kwa hakika spishi gani zinateremshwa wapi na msimu gani, serikali na vikundi vya wavuvi wanaweza kuamua kufunga eneo dogo kwa miezi michache, badala ya kupiga marufuku kila kitu kila mahali. Na mfanyabiashara mwenye samaki halali anaweza kuthibitisha uhalali wake, asilazimike kutoa kitu kidogo ili mzigo upite. Mahali ambapo hakuna ushahidi, anayeshinda huwa ni mwenye pesa au mwenye cheo.

Wewe uko wapi katika haya?

Huenda unasoma haya kwenye simu, umekwama kwa jam ya Jogoo Road, ukijiuliza bahari iliyo karibu kilomita 500 kutoka hapo inakuhusu nini.

Kwanza, inakuhusu kwa sababu unakula. Nairobi ni mji unaoletewa chakula kutoka kila upande, kikiwa kimekatwa, kimekaushwa au kimesagwa. Swali la "huyu ni nani?" linafaa kwa nyama ya bucha, kwa samaki, hata kwa minofu isiyo na lebo. Unapouliza, unamfundisha muuzaji kwamba kuna mteja anayejali. Uliza kwa heshima. Uliza ametoka wapi, alikuwa mkubwa kiasi gani, na kama kuna anayemleta akiwa mzima.

Pili, kama uko shule ya upili au umemaliza juzi, ile mada ya jenetiki kwenye Bayolojia, iliyokutesa na njegere za Mendel, ndiyo mlango wa kazi hii. Wengi tuliikariri kwa ajili ya mtihani tukaisahau siku ya pili. Vyuo vyetu, vikiwemo JKUAT na Kenyatta, vinafunza bayoteknolojia. Anayesoma DNA ya papa leo anaweza kesho kusoma ya kirusi cha mahindi, ya ng'ombe wa maziwa au ya ugonjwa wa binadamu. Ufundi ni ule ule, mashine ni zile zile. Na siyo lazima uvae koti jeupe: kazi hii inahitaji pia mwanasheria anayeelewa ushahidi wa kisayansi, mtu wa kompyuta anayeweza kupanga maktaba ya barikodi, na afisa wa forodha asiyekubali kuambiwa "papa ni papa".

Tatu, kuna mambo ambayo DNA haitayarudisha. Papa upanga alikuwa na jina kwenye pwani yetu kwa sababu wazee walimwona. Leo jamaa hao wako miongoni mwa samaki walio hatarini zaidi duniani, na vijana wengi wa pwani wanamjua kwa jina peke yake. Maabara ikisoma DNA ya meno yake yaliyotundikwa ukutani kama pambo, itakuambia kwa uhakika alikuwa nani. Itakuwa imechelewa.

Kwa hivyo ukipita tena Majengo, na yule mama akakuuliza, "Wewe kijana, unataka papa gani sasa?" usimkejeli wala usimhubirie. Msimulie habari za pingusi na mapezi yanayosafiri, halafu umsikilize na yeye. Huenda akakuambia kwamba zamani vipande vilikuwa vinene kuliko hivi, na kwamba siku hizi mzigo unachelewa kufika. Hiyo nayo ni data. Iandike, pamoja na tarehe.